Chura wako ameugua ghafla: tazama maji, joto na hewa kabla ya kutafuta dawa

Chura haugui kwa kelele. Mchana kutwa kazi yake ni kujikunyata chini ya gome au kigae, na akiumwa atajikunyata vilevile, kwa hiyo mwenye chura hushtuka siku mambo yameshaharibika, akasema ameugua ghafla. Mara nyingi si ghafla. Upungufu wa kalsiamu, minyoo na kuvu huchukua wiki au miezi kabla ya kujionyesha. Yanayokuja ghafla kwelikweli ni machache: sumu, joto, maji mabaya na kitu kilichomezwa kikakwama. Hayo yote hutoka kwenye tangi au mkononi mwako, na hakuna kidonge cha kuyatibu. Ndiyo maana hapa hatuanzi na dawa.

Ninaowazungumzia ni vyura wanene wa nchi kavu, wenye ngozi ya vidutuvidutu na tezi mbili zilizotuna nyuma ya macho. Kwetu aliye maarufu ni Sclerophrys gutturalis, yule wa bustanini na kwenye taa za barazani, mwenye alama ya msalaba hafifu kichwani. Ndugu zetu walio Ulaya na Marekani wanafuga binamu zake. Chura wa mitini na wa majini wana mambo yao mengine. Suala la sheria limalizwe kabla ya kununua tangi: Kenya mnyamapori hafugwi bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la huko, na Ujerumani vyura wote wa asili ya huko wanalindwa.

Saa ya kwanza

Mtoe kwenye tangi hata kama hujajua anaumwa nini. Kopo la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa linatosha. Tandika karatasi nyeupe za jikoni zisizo na manukato, zilowanishe kwa maji salama, na umkunjie moja ajifiche chini yake. Weka mahali penye kivuli, bila taa, mbali na redio na watoto. Usimpe chakula. Weupe wa karatasi una kazi yake: damu, kinyesi, vipande vya ngozi na minyoo huonekana mara moja, wakati kwenye udongo usingeona kitu.

Kabla ya kumshika, nawa mikono, suuza mpaka harufu ya sabuni iishe, na umshike mikono ikiwa imelowa. Chura hanywi kwa mdomo. Hukalia maji, na ngozi nyembamba ya tumbo na mapaja ndiyo inayoyavuta hadi kwenye damu. Losheni, mafuta ya kufukuza mbu, mabaki ya jiki vidoleni, vyote hupita njia hiyohiyo. Ukimaliza nawa tena, kwa sababu tezi zake hutoa utomvu mweupe unaochoma macho vibaya, na ngozi yake inaweza kubeba salmonela.

Kuhusu hayo maji salama. Ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo wazi kwa saa 24 hupoteza klorini. Hayapotezi kloramini, ambayo hutumika kwenye miji mingi ya Marekani. Walio huko watumie dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo. Maji uliyoyatia vidonge vya klorini ili unywe wewe, usimpe. Maji ya betri pia usimpe: hata yakiwa safi kabisa hayana chumvichumvi yoyote na yatazivuta za mwilini mwake, na kuna chupa zinazouzwa kwa jina hilohilo ambazo ndani yake ni asidi. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja kuna kikwazo kingine, visima vya maji ya chumvi. Yaonje kwa ncha ya ulimi. Ukihisi chumvi tafuta mengine, kwa sababu chumvi inapozidi chura havuti maji tena, maji yake ndiyo yanayovutwa. Ukikwama kabisa, maji ya kawaida ya kunywa ya chupa yanafaa.

Sasa mtazame kwa utulivu. Macho yamezama au yametuna? Koo linapigapiga kama kawaida, au anahema mdomo wazi? Ngozi ya tumbo ina rangi gani? Mgeuze chali mara moja tu, taratibu, juu ya kiganja: chura mzima hajipi hata sekunde mbili, anajipindua. Kisha mpime kwenye mizani ya jikoni ndani ya kikombe cha mtindi. Kama amekukojolea ulipomshika, ndiyo vizuri zaidi, mpime baada ya hapo. Kibofu chake hubeba maji mengi, na uzito wa kabla na wa baada ya mkojo hauwezi kulinganishwa.

Anarusha miguu, anajinyoosha, anatetemeka

Hii ndiyo isiyosubiri. Chura anayeruka ovyo akigonga vioo, kisha miguu ya nyuma ikanyooka na kukakamaa, kisha akalegea, fikiria sumu kwanza.

Jiulize kama nyumba imepuliziwa dawa leo au jana. Dawa nyingi za kupuliza mbu na mende ni za jamii ya pairethroidi, na kinachomwangusha chura kinaweza kuwa kidogo kiasi kwamba wewe husikii hata harufu. Udi wa mbu unaowaka usiku kucha kwenye chumba kilichofungwa nao haufai. Lakini mtego ambao watu hawaushuku ni ule wa kufunika tangi kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Vyandarua vinavyogawiwa kwa ajili ya malaria vimetiwa dawa hiyohiyo kwenye nyuzi, nayo imetengenezwa idumu hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Usiku chura hupanda kwenye kona, husimama kwa miguu ya nyuma, husugua pua kwenye wavu. Anajipaka sumu mwenyewe. Watazame nyenje uliowatia humo kama chakula. Wakiwa chali wakirusha miguu, huhitaji ushahidi mwingine.

Sumu huingia pia kwa mlango wa chakula. Panzi na kumbikumbi wa kuokota ni chakula kizuri mno, ila si wale wa kwenye shamba la mboga lililonyunyiziwa dawa juzi, wala mende anayepepesuka sebuleni mchana. Mende wa usiku hapepesuki mchana bila sababu.

Kama hakuna dawa iliyopulizwa, inamia tangi na unuse karibu na udongo. Harufu inayochoma pua ni amonia, itokayo kwenye mkojo, kinyesi na wadudu waliooza. Vyura wengi hujisaidia ndani ya bakuli la maji kisha wakakaa humohumo wakinywa. Bakuli lisilobadilishwa kila siku, kwenye joto la Pwani, halichukui muda kuwa sumu. Na kama jana uliosha tangi kwa jiki au sabuni ya unga, jibu unalo.

Tiba ya haya yote ni kumsuuza. Mwagie maji salama ya joto la chumba, taratibu, mgongoni na tumboni kwa dakika kadhaa. Kisha mkalishe kwenye maji ya kina kifupi na uyabadilishe kila nusu saa kwa saa chache za mwanzo, halafu mara chache zaidi kadiri anavyotulia. Kidevu kikae juu ya maji, kiegemeze kwa karatasi iliyokunjwa ikibidi, maana chura aliyelegea huzama hata kwenye sahani. Wapo watakaokushauri umpe maziwa kwa sababu maziwa "huvunja sumu". Kwa chura hayavunji chochote, yatamwozea ngozini tu.

Mtetemeko wa upungufu wa kalsiamu una sura tofauti. Vidole vya miguu ya nyuma hucheza vyenyewe wakati amekaa. Akiruka mara moja, mguu hukakamaa kwa sekunde chache kisha huachia. Na ukimtazama ubavuni, taya la chini limepinda au limekuwa laini. Huyu alianza kuumwa zamani. Nyenje, mende na mabuu ya unga wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mwili wa chura unapokosa kalsiamu kwenye chakula huichota kwenye mifupa. Mkakamao wenyewe hutulizwa na daktari kwa kalsiamu ya maji, na vipimo vyake si vya kukisia nyumbani. Kazi yako ni ya baadaye: wadudu wapakwe unga wa kalsiamu kaboneti kabla ya kulishwa, pamoja na vitamini D3 mara mojamoja. Duka la pembejeo linauza chokaa ya mifugo, na Pwani mfupa wa ngisi unaookotwa ufukweni, ukioshwa, ukakaushwa na kusagwa laini, unafaa pia. DCP, ule unga wa madini wa kuku, iache, inaongeza fosforasi ambayo tayari imezidi. Chokaa ya kupaka kuta inaunguza. Hiyo isikaribie kabisa.

Amelegea, hajipindui

Soma kipimajoto kabla ya kumsoma chura. Huyu wetu wa bustanini huishi vizuri kati ya nyuzi 22 na 28. Wa Ulaya, Bufo bufo, huanza kutaabika joto likipita 25 hivi. Tangi la kioo lililofunikwa likipigwa na jua la dirishani huwa kama gari lililoegeshwa juani, na si lazima jua liwe la Dar; la Nairobi la saa nne asubuhi linatosha. Chura aliyepigwa na joto huwa amelala bapa, miguu imetawanyika, ngozi imekauka au ina utelezi usio wa kawaida. Mhamishe kivulini na umkalishe kwenye maji ya joto la chumba. Usimtie kwenye maji ya friji wala barafu. Mshtuko wa pili ndio utakaommaliza.

Kama kipimajoto hakina kosa, tazama macho. Yakiwa yamezama na ngozi ya ubavu ukiivuta kidogo inabaki imekunjika, ana kiu kubwa. Bakuli lilikauka, au lipo ila kingo zake ni ndefu hawezi kupanda, au maji yenyewe ndiyo yale ya chumvi. Mkalishe kwenye maji yasiyopita viwiko vyake kwa nusu saa au zaidi. Aliyekauka tu hubadilika ukimwangalia: macho hurudi, tumbo hutuna, anaanza kutafuta njia ya kutoka. Asipobadilika siku hiyohiyo, kiu ilikuwa dalili, ugonjwa uko kwingine.

Kisha kuna kuvu. Batrachochytrium dendrobatidis, anayejulikana kwa ufupi kama kitridi, alielezwa na wanasayansi mwaka 1999, na ndiye aliyefuta au kupunguza aina nyingi za vyura duniani. Hukaa kwenye ngozi na kuvuruga upitaji wa sodiamu na potasiamu, mpaka moyo unasimama. Anayeumwa hujivua ngozi kila mara badala ya mara chache kwa mwezi, vipande vya kijivu vinabaki vimemning'inia, anakaa wazi mchana miguu ya nyuma akiwa ameitawanya, hajali hata ukimgusa. Kuvu huyu hupenda baridi na hudhoofika joto linapopita nyuzi 28 hivi, hivyo chura aliyetoka Arusha, Iringa au Kericho anastahili kushukiwa zaidi kuliko wa Tanga. Kipimo ni pamba inayosuguliwa kwenye ngozi ya tumbo na vidole kisha ikapelekwa maabara. Dawa ipo, itrakonazo ya kuogeshea, iliyopunguzwa makali sana. Daktari ndiye wa kuichanganya, kwa sababu ikizidi inaua chura kabla ya kuvu.

Tumbo na mapaja yamekuwa mekundu

Huu ni ugonjwa wa miguu myekundu, na jina linapotosha kidogo, kwa kuwa tatizo haliko mguuni. Ni bakteria walioingia kwenye damu, mara nyingi Aeromonas hydrophila, ambao wapo kwenye maji wakati wote wakisubiri chura achoke. Msongamano, uchafu, baridi au safari ndefu ndiyo huwafungulia mlango. Vishipa vya damu hupasuka chini ya ngozi, na tumbo, mapaja na vidole hupata madoa ya damu au wekundu uliotanda. Ndani ya siku chache anaweza kufa. Ranavirusi, virusi vinavyoshambulia vyura, nao huleta wekundu unaofanana, na kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Lakini subiri kabla ya kukimbia. Sclerophrys gutturalis ana wekundu wake wa kuzaliwa: nyuma ya mapaja, sehemu inayojificha akikaa, ana mabaka mekundu ambayo hayana ubaya wowote. Watu humshika kwa mara ya kwanza, mguu ukanyooka, wakaona damu. Wekundu wa asili uko nyuma ya paja tu, una kingo, uko pande zote mbili sawa, na chura mwenyewe ni mchangamfu. Wa ugonjwa hutanda tumboni upande wa chini, huongezeka kutoka asubuhi hadi jioni, na chura hataki kula. Mpige picha leo akiwa mzima, upande wa tumbo na mapaja, uwe na cha kulinganisha.

Akiwa mgonjwa kweli anahitaji antibiotiki ya daktari, na siku hiyohiyo. Mtenge na wenzake, karatasi zibadilishwe asubuhi na jioni. Ule unga wa tetrasaiklini wa kuku unaonyunyizwa kwenye maji ni wa kubahatisha: hujui ni kiasi gani kimepita kwenye ngozi, na bakteria hawa hawaisikii kila dawa.

Amevimba

Kwanza mwache. Chura aliyeogopa hujijaza hewa akawa mpira, akainua makalio na kuinamisha kichwa. Dakika chache bila bughudha na hewa inatoka. Jike mwenye mayai naye huwa mnene, kwa uvimbe wa vinundunundu pande mbili, na hula kama kawaida.

Uvimbe wa maji ni mwingine. Ngozi huwamba na kung'aa, mapaja na koo huwa kama yamejaa uji mwepesi, na ukimulika kwa tochi ya simu kutoka upande wa pili kwenye giza, mwanga hupenya. Figo au moyo umeshindwa kazi, au kuna maambukizi, na maji hayatoki. Usimtoboe. Daktari anaweza kumwogesha kwenye maji ya chumvi ya kipimo maalumu yanayovuta maji nje polepole, kisha akatafuta chanzo.

Uvimbe mgumu wa upande mmoja, na siku kadhaa bila choo, humaanisha kitu kimekwama. Chura hurusha ulimi na kubugia chochote kilichoshikamana na windo: kokoto, vipande vya magome, mchanga mwingi. Mtandiko wa kokoto za rangi unaopendezesha tangi ndio chanzo kikubwa. Maji vuguvugu ya kina kifupi, nusu saa asubuhi na jioni, husaidia vitu vidogo kupita. Asipopata choo, eksirei ndiyo itakayosema kama anahitaji kupasuliwa. Akipona, mwekee vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa, au udongo usio na mbolea, na umlishe kwenye sahani.

Anamwona mdudu, anarusha ulimi, anakosa

Dalili hii wengi huichekea. Chura anamgeukia nyenje, anainama, kidole cha mguu wa nyuma kinachezacheza kwa hamu, anarusha ulimi, na nyenje yuko palepale. Tena. Mara ya nne anakata tamaa. Mwenye chura anaandika "amekataa kula", kumbe hajakataa, ameshindwa.

Ukimwona hivyo, fikiria vitamini A. Ikipungua, seli laini zinazotoa ute mdomoni hubadilika zikawa ngumu na kavu, na ulimi unakosa kunata. Madaktari wa wanyama Marekani waliliona sana tatizo hili kwa chura wa Wyoming, Anaxyrus baxteri, aina iliyookolewa kwa kuzalishwa kwenye vizimba. Karoti unazowalisha nyenje hazitoshi, kwa kuwa vyura wengi ni dhaifu katika kugeuza rangi ile ya karoti kuwa vitamini yenyewe. Wanahitaji retinoli iliyo tayari, kwenye unga wa nyongeza. Kuzidisha nako ni sumu, kwa hiyo matone ya binadamu yasimiminwe mdomoni. Wakati unasubiri daktari, mpe nyungunyungu kwa kibano: hawahitaji ulimi unaonata, na wana virutubisho bora kuliko nyenje. Cheki pia macho yote mawili. Aliyepofuka jicho moja hukosa windo upande mmoja tu.

Anayekula vizuri na bado anakonda ana minyoo, au minyoo aliyokuwa nayo imezidi. Rhabdias, minyoo ya mapafu, hutoka na kinyesi, hukua kwenye udongo na kurudi kupitia ngozi, hivyo kwenye tangi dogo lisilosafishwa chura anajiambukiza upya kila siku. Mapafu yakielemewa ndipo unapomkuta "ghafla" anahema mdomo wazi. Hili limewasumbua hata wenye maabara. Vyura wadogo wa Kihansi, ambao nyumbani kwao ni maporomoko yale ya Udzungwa tu na si kwingine duniani, walichukuliwa karibu 500 kwenda bustani za wanyama za Marekani mwishoni mwa 2000, baada ya bwawa la umeme kupunguza maji ya maporomoko. Miaka michache tu baadaye walikuwa wamebaki chini ya 100. Minyoo ya mapafu ilikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na lishe na mwanga. Mambo hayo yaliporekebishwa huko Bronx na Toledo wakaongezeka mpaka maelfu, na mwaka 2010 kundi la kwanza likarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati porini walikuwa wameshatangazwa kutoweka. Kama wataalamu wale walihangaika hivyo, wewe kupeleka kinyesi kibichi kwenye darubini ya daktari wa mifugo si jambo la kuona haya.

Mengine ya haraka

Nyama nyekundu imetokeza kwenye tundu la haja: ni utumbo au kibofu. Isikauke hata kidogo. Mkalishe kwenye maji salama yaliyokorogwa sukari nyingi kwa dakika kumi hivi, sukari hupunguza uvimbe na mara nyingine nyama hurudi yenyewe. Usisukume kwa kidole. Daktari leo.

Vidonda vidogo mgongoni na vidoleni asubuhi: nyenje waliobaki usiku wamemtafuna. Watoe wasioliwa. Na kama tangi liko barazani msimu wa mvua, miguu ya meza isimame kwenye vikopo vya maji, kwa sababu siafu hawachagui.

Kwa walio Ulaya na wenye vizimba vya nje wakati wa kiangazi: pua zilizopanuka na chura anayekaa mchana kweupe huenda zimejaa funza wa nzi Lucilia bufonivora, anayetaga kwa vyura. Funza wakishaingia kichwani hakuna tiba, na daktari wa kumpumzisha bila maumivu ndiye msaada uliobaki.

Na yasiyo ugonjwa: chura anayejikunja mgongo, anafumbua na kufumba mdomo, macho yanazama, anajifuta kichwa kwa mikono, kisha anaonekana anameza kitu cheupe. Anajivua ngozi na kuila. Dume anayelia "kwe kwe" ukimshika kiunoni anakuambia umwachie, ndivyo wanavyoambiana wenyewe. Aliyejifukia udongoni kwa siku kadhaa wakati wa kiangazi kikavu au baridi ya Juni na Julai, akiwa na uzito uleule, mwache.

Kwa daktari

Huenda daktari wa mifugo aliye karibu hajawahi kushika chura, ila darubini anayo, na wengi wako tayari kumpigia mwenzao wa chuo kikuu wakiletewa taarifa nzuri. Mpelekee chura ndani ya kopo lenye karatasi yenye maji, kinyesi kibichi kwenye mfuko mdogo, picha ya tangi, joto la usiku na mchana, uzito wa leo na wa zamani kama unao, na orodha ya kila kilichopulizwa au kupakwa ndani ya nyumba. Mkumbushe kwamba kila kinachogusa ngozi kinaingia mwilini. Mafuta ya vidonda yenye ganzi ndani, majina yanayoishia na "-keini", ni hatari: benzokeini hutumika kuwaua vyura bila maumivu. Ivamektini ya ng'ombe iliyozagaa kwenye maduka ya dawa za mifugo imewapoozesha vyura kadhaa wa kadhaa. Dawa za minyoo zilizo laini kwao zipo.

Akifa

Ukitaka kujua sababu, mfunge kwenye mfuko wenye karatasi yenye unyevu na umweke kwenye friji, si kwenye sehemu ya kugandisha. Barafu huharibu nyama isisomeke kwa darubini. Chura huoza haraka kuliko kuku, kwa hiyo akifikishwa ndani ya siku moja ndiyo inafaa. Usiwape wenzake nafasi ya kukaa kwenye tangi lile wakati unasubiri. Udongo na magome vifungwe na kutupwa, visimwagwe bustanini wala mtoni, kwa ajili ya vyura wa nje. Vioo na bakuli vioshwe kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, visuuzwe mpaka harufu iishe kabisa, kisha vianikwe juani vikauke kwa siku kadhaa. Kitridi hastahimili ukavu, ranavirusi ndiye mkaidi zaidi. Chura mpya akija akae peke yake kwenye karatasi nyeupe siku zisizopungua 30, kwa bakuli lake na kibano chake, na umhudumie wa mwisho, baada ya wengine wote.